Joto Lisilofika Paani

Jagi lilikuwa moja. Mhandisi alikuwa na hakika, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyelitoa kwenye friji akamimina glasi ya mkewe, kisha ya binti yao, kisha yake. Mkewe alikuwa amemwita mezani kwa namna yake ya siku zote, kwa kugonga pete ya ndoa kwenye glasi, ting, ting, ting, kwa kuwa alisema kumwita kwa mdomo mtu anayechora mabomba ni kumaliza pumzi bure. Sasa alikunywa funda moja akaiweka glasi chini.

"Umenipa maji ya wapi haya?"

"Ya jagi. Kwani yana nini?"

"Vuguvugu."

Mhandisi akajaribu yake. Yalikuwa baridi ya kuuma meno. Akaigusa ya mkewe: ilikuwa kama glasi iliyosahauliwa dirishani penye jua. Binti yao, aliyeitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki, alichovya kidole katika glasi zote tatu kabla hajawahiwa.

"Yangu baridi. Ya baba baridi sana. Ya mama ya kuogea," akatangaza.

Walicheka. Mhandisi alisema pengine glasi imetoka kuoshwa kwa maji ya moto. Mkewe alisema glasi zote zimetoka kabatini. Wakaliacha hapo, kwani kulikuwa na habari kubwa kuliko glasi: kituo kilikuwa kimewashwa, na baba alikuwa ametokea kwenye televisheni.

Kituo chenyewe kilikuwa jengo refu jeupe nje ya mji, lisilo na dirisha hata moja. Ndani yake kompyuta zilisimama kwenye makabati marefu, safu kwa safu, zikitunza picha za watu, akaunti za benki, majibu ya hospitali, na ujumbe wa wapenzi waliokwisha kuachana. Kompyuta hizo zinakula umeme bila kupumzika, na umeme wote zinaoula zinautema kama joto. Kazi ya mhandisi ilikuwa kuliondoa joto hilo bila kuharibu kitu kingine. Alikuwa amezunguka na mchoro wake kwa wakopeshaji kwa miaka, akiambiwa ni mzuri, akiambiwa asubiri, mpaka benki moja inayokopesha miradi ya mazingira ilipokubali, tena kwa masharti. Umeme utoke kwenye jua na upepo. Maji ya kupozea yasichukuliwe kwenye bomba la mji, na yasimwagwe. Yajazwe mara moja, yazunguke humo humo: yapite kwenye kompyuta yabebe joto, yapande paani kwenye marejeta makubwa yaliache hewani, yashuke tena. Kituo kikitimiza masharti hayo kwa mwaka mmoja, benki itagharamia awamu ya pili, kubwa mara kadhaa kuliko ya kwanza.

Maji ya kujazia aliyapata nyuma ya kiwanja, kwenye chemchemi iliyotoka chini ya jabali jeusi. Hakuna aliyekuwa akiyatumia, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Mafundi bomba wana utaratibu wao. Siku ya kuingiza maji kwa mara ya kwanza, aliyechora ndiye anayefungua koki, na lazima aseme neno. Siku hiyo wageni walikuwa wengi. Mwakilishi wa benki, mama mrefu mwenye sauti ya kwenye simu hata akiwa mbele yako, ambaye kituoni wote walimwita Madamu, alimwuliza mbele ya kamera, "Utatuhakikishiaje kwamba maji haya hayatatoka?"

Mhandisi alikuwa na furaha, na furaha haikuwa kitu alichokizoea. Alikinga maji kwa kiganja, akayanywa, akaweka mkono juu ya bomba.

"Haya nimeyaoa," alisema. "Nimeyajengea nyumba. Hayatatoka humu nikiwa hai, na sitatafuta mengine."

Watu wakapiga makofi. Nyapara wa mafundi, mtu mfupi aliyekuwa naye tangu mradi wa kwanza, akasema kwa nyuma, "Injinia, na nyumbani umeaga?" Wakacheka tena. Mhandisi akajifuta mkono kwenye shati, akafungua koki. Harufu ya jiwe lililolowa ilibaki kiganjani hata baada ya kunawa kwa sabuni.

Harufu hiyo ndiyo iliyoanza ugomvi.

"Unanukia mvua," mkewe alimwambia jioni moja, alipokuwa akipokea mkoba wake mlangoni.

"Mvua gani? Hata wingu hakuna."

"Ndiyo maana nauliza."

Hakuwa mke wa kupekua mifuko. Lakini alianza kuuliza maswali madogo, kwa sauti ya mtu asiyejali, huku mgongo wake ukiwa umemgeukia. Kazini kwenu kuna wanawake wangapi siku hizi? Yule Madamu ana mume? Mbona chakula unakirudisha kama nilivyokifunga? Siku moja alivuta kutoka kwenye kola ya shati lake unywele mrefu, mweusi, uliolowa. Aliushika kwa ncha mbili za vidole, na ukaendelea kutona sakafuni kwa muda mrefu kuliko unywele mmoja unavyoweza kubeba maji.

"Huu ni wa Madamu?"

"Madamu ana nywele fupi. Mama Chiriku, nakuapia, sina mtu."

Alisema kweli. Hakuwa na mtu. Alikuwa na mahali. Ndani ya ukumbi wa kompyuta, mwishoni mwa safu ya mwisho, bomba kuu lilipita kando ya ukuta likiwa limevishwa bati jembamba la kung'aa, na hapo, chini ya mngurumo wa feni, mtu akitulia aliweza kusikia kitu kama mwanamke anayeimba amefumba mdomo. Mhandisi alijua kwamba maji yakipita kwenye kona hutoa sauti. Alilijua hilo vizuri. Hata hivyo alianza kula chakula chake hapo, baadaye akaanza kukaa hapo bila kula, ameegemeza bega kwenye bati, na alipotoka nje alishangaa kukuta jua limekwisha kuzama. Kila alipoinuka kwenda nyumbani, wimbo ulikatika katikati.

Wakati huo huo kituo kilifanya kazi vizuri kuliko mchoro. Kuna kipimo ambacho watu wa kazi hiyo hukitazama kama wazazi wanavyotazama uzito wa mtoto: umeme wote unaoingia jengoni, ukigawanywa kwa ule unaotumiwa na kompyuta zenyewe. Kikikaribia moja, maana yake kupoza hakuli kitu. Cha mhandisi kiliikaribia moja kuliko alivyokuwa amethubutu kuahidi. Madamu alipiga simu kutoka ng'ambo kumpongeza. Nyapara peke yake hakufurahi.

"Injinia, panda paani uone."

Marejeta yalikuwa yamejipanga juani kama vitanda vya bweni. Yalitakiwa kuwa ya moto kiasi kwamba fundi asingeweka mkono. Nyapara aliweka wa kwake, akauacha. Katikati ya mapezi ya rejeta la pili, ndege walikuwa wamejenga kiota, na mama ndege alikuwa amelalia mayai bila wasiwasi.

"Joto linaingia kwenye maji kule chini, sivyo?" Nyapara alinong'ona, ingawa juu ya paa hakukuwa na mtu mwingine. "Kompyuta zinaungua kama tanuri, maji yanatoka pale yakiwa na moto. Yakifika hapa ni baridi. Sasa huo moto unashukia kituo gani?"

"Vipima joto vimekosea."

"Na ndege?"

Mhandisi akageuka kuelekea ngazi. Alijua, kama anavyojua jina lake, kwamba joto halipotei. Linahamishwa tu, na likikosekana hapa lipo pengine. Alijua pia kwamba akiandika hivyo kwenye ripoti, benki itasimamisha kila kitu hadi lipatikane. Aliamua kungoja.

Nyumbani mkewe alikuwa ameanza kulala sakafuni, juu ya vigae, kwa sababu kitanda kilimchoma. Hakutoka jasho. Ngozi yake ilikuwa kavu na ya moto kama pasi. Madaktari walipima damu, mkojo, mapafu, wakakuta mtu mzima asiye na ugonjwa ila homa isiyoshuka. Walimtundikia chupa za maji kwenye mshipa, na muuguzi akaita mwenzake waje waone chupa inavyopiga povu. Walimrudisha nyumbani na dawa za maumivu. Bomba la jikoni likamkatalia: akifungua yeye, lilikohoa na kutoa mvuke, akifungua mumewe, lilitoa maji baridi yanayoruka kwa furaha hadi kifuani mwake.

"Anakupenda," mkewe alisema, akitazama shati lake lililolowa. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Huyo mtu wako. Kanifuata mpaka jikoni kwangu."

Siku iliyofuata alivaa, akafunga chakula, akaenda kituoni bila kuitwa. Ilikuwa mchana, lakini ndani ya jengo lile hakuna mchana; kulikuwa na taa nyeupe na taa ndogo za kijani zinazopepesa. Mhandisi alimwona akija kati ya makabati, amejifunga khanga mabegani, polepole, akiweka mkono ukutani, na alipokuwa akipita kila kabati liliwasha taa nyekundu, moja baada ya jingine, kwani joto lilitembea naye. Hakusimama kumsalimu. Alipita moja kwa moja hadi mwisho wa safu ya mwisho, kana kwamba alikuwa ameelekezwa.

"Ni hapa," alisema. "Ndipo anapokaa."

"Twende nje, Mama Chiriku. Hapa si pa mgonjwa."

"Hebu tazama."

Alikuwa akitazama bati la kung'aa lililovika bomba. Mhandisi akatazama pia, akajiona mwenyewe, mrefu na mwenye kuyumba kama mtu anayeonekana majini, na kando yake, mahali ambapo mkewe alikuwa amesimama na khanga yake, aliona mwanamke asiye na khanga, mwenye nywele zilizolowa zilizoshuka hadi chini ya bati zikaendelea kushuka pasipo na bati, uso wake umeelekezwa si kwake bali kwa mkewe, ukimkagua kuanzia utosini hadi miguuni kama mke mkubwa anavyomkagua mgeni aliyeletwa nyumbani bila taarifa, na ulipofika kwenye kidole chenye pete ulitulia hapo. Wimbo ukaanza. Mkewe akavuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa uji wa moto, akaanguka.

Alipombeba, mikono yake iliungua ikafanya malengelenge.

Aliyempeleka mhandisi kwa mganga alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye alikuwa amehamia nyumbani kwao kuuguza. Mganga alikuwa mama wa makamo aliyeishi juu ya duka la vitambaa. Alikuwa akipiga pasi walipoingia, na hakuiacha.

"Ulisema nini siku hiyo? Maneno yenyewe, usiyapambe."

Mhandisi akayasema. Yalisikika vibaya katika chumba kile kidogo.

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Na maji uliyanywa."

"Ilikuwa mzaha, mama."

"Kwako." Aligeuza shati, akapiga pasi kola. "Mwenzio alikuwa amekaa chini ya jabali, hana habari na mtu. Ukaja, ukamtamkia, ukamnywa, ukamwingiza nyumba isiyo na dirisha, ukafunga mlango. Halafu kila jioni unatoka kwenda kwa mwingine. Wewe ungekuwa yeye ungefanya nini?"

"Anamchoma mke wangu," mhandisi alisema, na kwa mara ya kwanza aliyasema kwa sauti mahesabu aliyokuwa akiyakimbia. "Joto lote la kompyuta. Halipandi paani. Anambebea yeye."

Shemeji akajishika mdomo. Mganga akaisimamisha pasi wima.

"Basi umwache. Kwa mdomo ule ule uliomchukulia, na koki uifungue kwa mkono wako mwenyewe. Kesho asubuhi. Na kesho, tangu mkeo aamke mpaka tone la mwisho litoke kule, asinywe maji. Hata ya kulowesha ulimi. Kiumbe anayefukuzwa anatafuta pa kuingia, na kiu ya mkeo ndiyo mlango pekee ulio wazi."

"Kesho kuna ukaguzi wa benki," mhandisi alisema. "Wa mwisho. Keshokutwa..."

"Mkeo ana keshokutwa?"

Hakuwa nayo. Mhandisi alikubali, na alikubali kweli. Nyapara alipoambiwa hakuuliza hata swali. Alisema tu kwamba mafundi watazizima kompyuta kwa utaratibu na kazi zake zitahamishiwa kituo kingine, na kwamba alikuwa amelingoja neno hilo tangu siku ya ndege. Asubuhi mhandisi aliinama juu ya mkewe aliyelala kwenye vigae, mdomo umepasuka. Hakuwa na sauti tena. Aligonga pete kwenye glasi tupu iliyokuwa kando yake, ting, ting, ting, akimwonyesha kwa macho kwamba anataka maji.

"Vumilia kidogo," alimwambia. "Kabla jua halijawa kali nitapiga simu, utakunywa mpaka useme basi."

Alikuta gari la benki limekwisha kufika. Madamu alikuwa na kofia ya ujenzi kichwani na tabasamu usoni.

"Tumewahi! Nipe saa moja tu ya mwisho ya kipimo, Injinia, tutie sahihi. Awamu ya pili ni yako. Watu wataandika vitabu juu ya jengo hili."

Nyapara alimtazama mhandisi. Mhandisi alitazama koki, kisha paa, kisha kofia ya Madamu. Saa moja. Mkewe alikuwa ameungua kwa miezi. Alimfikiria, akafikiria pia miaka ya kuambiwa asubiri, na mchoro wa awamu ya pili uliokuwa umekunjwa kwenye mkoba, na akasikia, nyuma ya ukuta mnene, wimbo uliofumbwa mdomo ukipanda kwa namna ya kubembeleza.

Alitoka pembeni akampigia shemeji.

"Shemeji, ongeza saa moja. Moja tu."

"Shemeji! Anakufa huyu!"

"Usimpe maji. Umesikia? Moja tu."

Kule nyumbani, shemeji alikuwa ametoka sebuleni hadi uani ili mgonjwa asisikie, akafunga mlango nyuma yake, akabaki akibishana na simu.

Ndani ya jengo simu hazikamati. Mhandisi alisimama nyuma ya Madamu wakitazama kipimo kwenye kioo, na kwa sehemu kubwa ya saa ile kilikaa pale pale pa ajabu. Halafu, bila sababu, kilipanda kidogo. Kikaendelea kupanda taratibu, kikatulia. Mhandisi aliitambua namba hiyo. Ndiyo aliyokuwa ameiandika kwenye mchoro wa kwanza kabisa, kabla ya jabali, kabla ya kamera. Namba ya kawaida, ya halali, iliyokuwa ndani ya masharti ya benki kwa nafasi kubwa.

"Bado mmefaulu vizuri sana," Madamu alisema, akatia sahihi.

Nje, juu ya paa, ndege walikuwa wakipiga kelele. Nyapara alishuka ngazi mbio, amejishika kiganja. "Marejeta yamewaka, Injinia. Yamewaka yote. Kiota kimeungua."

Mhandisi hakungoja gari la benki lipotee. Kompyuta zilipozimwa, na mngurumo ambao haukuwahi kukatika tangu siku ya kwanza ulipokatika, ukimya uliingia masikioni kama maji, na ndani ya ukimya huo akaenda kwenye koki kubwa ya kumwagia nyuma ya jengo, akaweka mkono juu ya bomba mahali pale pale, akasema mbele ya mafundi wote, kwa sauti, "Nimekuacha. Toka. Sikutaki hapa, sikutaki nyumbani kwangu, usinifuate, usirudi," akaifungua. Maji yakatoka kwa nguvu, yakaingia kwenye mtaro wa mchanga. Hayakunukia jiwe. Yalikuwa vuguvugu. Yalimzunguka kifundo cha mkono yakang'ang'ania kwa muda, kama yasiyotaka kwenda, na ndani ya bomba kitu kikaanza kugonga, chepesi, cha haraka, mara tatu, kikanyamaza, mara tatu tena.

"Hilo nini?" Nyapara akauliza.

"Bomba linapoa," mhandisi alisema. "Chuma kikipoa husinyaa."

Alirudia maneno ya kuacha mara nyingine, kwa uhakika zaidi. Kugonga kukawa kudogo, kukawa mbali, na tone la mwisho lilipotoka kukakoma. Mchanga wa mtaro uliyanywa maji yote, na kwa jua lile haukuchukua muda kukauka.

Alimkuta mkewe amesimama mlangoni.

Alikuwa mzima. Ngozi ilikuwa laini na baridi, midomo imejaa, na alipomkumbatia alihisi ubaridi wake ukipenya shati. Shemeji alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Niliporudi ndani nikamkuta amekaa! Amekaa tu, anachana nywele!" Mhandisi akashukuru kwa maneno yasiyo na mpangilio. Nywele za mkewe zilikuwa zimelowa, na yeye akadhani ameoga.

Jioni mkewe aliandaa meza mwenyewe. Hakugonga glasi. Alikuja hadi mlango wa chumba cha kuchorea, akasimama hapo kwa muda akimtazama, akamwita kwa sauti nyororo iliyoanza kama wimbo. Mezani mhandisi aliona pete kwenye kisahani cha chumvi.

"Mbona umeivua?"

"Inanibana," alisema. "Si yangu hii. Utaninunulia yangu."

Akacheka, na shemeji akacheka naye. Mhandisi hakucheka. Alikuwa akiitazama pete, na mahali fulani ndani ya kichwa chake bomba lilikuwa limeanza kupoa tena, mara tatu, likanyamaza, mara tatu.

"Baba," Chiriku alisema, "ni mimi niliyemponya mama. Mama mdogo alipotoka na simu, mama aligonga glasi, nikamwonea huruma. Nikamletea maji ya jikoni. Yalikuwa baridi, baba, baridi kuliko yako!"

Mwanamke alichukua jagi, akamimina glasi zote kwa mkono usiotetemeka, akasukuma ya mhandisi kuelekea kwake. Umande ulikuwa umeifunika yote, na mezani kukaenea harufu ya jiwe lililolowa. Akakaa karibu naye, karibu zaidi ya ilivyo desturi mbele ya watu, akaweka mkono juu ya mkono wake, halafu akamgeukia mtoto aliyekuwa ameketi upande wa pili wa baba yake, ameegemea bega lake, akamkagua kuanzia utosini.

Chiriku alikunywa funda moja. Akaiweka glasi chini, akakunja uso.

"Baba, mbona yangu ya moto?"

"Kunywa tu," mwanamke alimwambia kwa upole. "Utazoea."